Kutunza Darubini ya Redio Juu ya Paa: Somo kwa Vyuo vya Nyanda za Mvua

Neno darubini huwaletea watu wengi picha ya bomba lenye vioo, linaloelekezwa angani usiku usio na mawingu. Hata hivyo jua, sayari na gesi iliyotanda kati ya nyota havitoi mwanga peke yake, bali hutoa pia mawimbi ya redio. Chombo cha kupokelea mawimbi hayo huitwa darubini ya redio. Chombo hiki hakina kioo cha kutazamia. Kina antena ya kuyakusanya mawimbi, amplifaya ya kuyakuza, kipokezi cha kuyachagua kwa masafa yake, na mahali pa kuandikia vipimo.

Darubini ya namna hii yaweza kujengwa na wanafunzi na kuwekwa juu ya paa la chuo. Dishi la chuma lenye upana wa mita 2 au 3, amplifaya ndogo, na kile kifaa kidogo cha kupokelea televisheni kinachochomekwa kwenye kompyuta vinatosha kuanza kazi. Kuijenga si jambo gumu mno. Ugumu huanza mwezi wa pili, mvua zinapoanza. Somo hili linahusu mwezi huo wa pili na miaka inayoufuata.

MAHALI PENYE MAWINGU

Mpuguso, karibu na Tukuyu katika wilaya ya Rungwe, panafaa kuchukuliwa kuwa mfano kwa sababu tatu. Kwanza, pana chuo cha ualimu, nacho ni mahali ambapo vijana hujifunza ili nao wakafundishe. Pili, mvua ya nyanda za Tukuyu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi ikinyesha kati ya Novemba na Mei, na ukungu hushuka mara kwa mara kutoka Mlima Rungwe. Darubini ya vioo ingefunikwa kwa miezi mingi. Mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21 hupita mawinguni karibu bila kupungua, usiku na mchana.

Sababu ya tatu ni mahali penyewe duniani. Mpuguso pako kiasi cha nyuzi 9 kusini ya ikweta. Kitovu cha Njia Nyeupe, yaani ule ukanda wa nyota unaokata anga, kiko nyuzi 29 kusini ya ikweta ya mbingu. Kwa hiyo kitovu hicho hupita nyuzi 20 tu kutoka utosini mwa mtu aliyesimama Mpuguso. Aliyeko London hukiona kikipanda chini ya nyuzi 10 juu ya upeo, kisha kikazama. Tajiri wa vyombo aweza kuwa maskini wa anga, na maskini wa vyombo akawa tajiri wa anga.

Walakini mvua ileile inayoifanya darubini ya redio kuwa chombo kifaacho Rungwe ndiyo inayoiua. Anayetaka kufaidi upande mmoja hana budi kuumudu upande wa pili.

NGUVU ISIYOSIKIKA

Ili kuelewa kwa nini kutu kidogo ni hatari kubwa, yafaa kujua ni nguvu kiasi gani inayopokelewa. Gesi ya haidrojeni iliyoko kati ya nyota hutoa mawimbi ya masafa ya megahezi 1,420.4, yaani urefu wa sentimita 21. Ikiwa antena inatazama gesi yenye jotoridi la Kelvini 100, na kipokezi kinasikiliza upana wa megahezi 1, nguvu inayoingia ni kama wati moja iliyogawanywa kwa elfu, kisha kwa milioni, kisha kwa milioni tena.

Jambo la pili ni kwamba kila kitu chenye joto hutoa mawimbi ya redio: ardhi, ukuta, migomba, mwili wa mwanafunzi, hata kebo yenyewe. Kebo nyembamba ya televisheni yenye urefu wa mita 20 hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya masafa haya, na mahali pa nguvu iliyopotea huweka mngurumo wa joto lake yenyewe. Ndiyo maana amplifaya ya kwanza hufungwa juu kabisa, penye antena, na haiwekwi chini darasani penye kompyuta. Kikisha kukuzwa, kile kilichotoka mbinguni chaweza kuhimili safari ya kebo. Kabla ya hapo hakihimili.

FANELI YA HARVARD

Historia ya mawimbi ya sentimita 21 yenyewe ni historia ya mwanafunzi, jengo la chuo, na mvua. Mwaka 1944 Mholanzi H. C. van de Hulst alionyesha kwa hesabu kwamba haidrojeni ya angani yapaswa kutoa mawimbi hayo. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwanafunzi Harold Ewen na mwalimu wake Edward Purcell walipata msaada wa dola 500, wakatengeneza antena ya mbao nyembamba zilizofunikwa kwa bati jembamba la shaba. Umbo lake lilikuwa kama faneli kubwa ya mraba, nayo ilitokeza nje ya dirisha la maabara ya fizikia, mdomo wake ukielekea juu.

Faneli hukusanya mawimbi, lakini hukusanya maji pia. Mvua kubwa iliponyesha, maji yaliteremka ndani ya antena yakaingia maabara. Wakati wa baridi wanafunzi waliopita chini waliufanya mdomo wake kuwa shabaha ya kutupia madonge ya theluji. Hata hivyo, tarehe 25 Machi 1951 antena hiyo ilipokea mawimbi ya haidrojeni kwa mara ya kwanza katika historia. Wiki chache baadaye Waholanzi nao waliyapokea. Wao walikuwa wametangulia kuanza kazi, ila moto uliteketeza mitambo yao ya kupokelea, ikawabidi kujenga upya.

Funzo la visa hivyo viwili ni moja. Ugunduzi haukumngoja mwenye chombo kizuri kuliko vyote. Ulimwendea yule ambaye chombo chake kilikuwa kizima siku ile.

MAJI, KUTU NA NYIGU

Mahali panapohitaji macho zaidi ni lile kopo la kupokelea lililofungwa mbele ya dishi, mahali mawimbi yanapokutania. Mdomo wake hufunikwa kwa kifuniko cha plastiki, maana plastiki haizuii mawimbi ya redio. Mahali pa chini kabisa pa kopo hutobolewa tundu dogo la kutolea unyevu. Mafundi wapya hutaka kuziba kila tundu, wakidhani wamelinda chombo. Hewa ya Rungwe hubadilika joto kati ya mchana na usiku, na unyevu uliofungiwa ndani hugeuka umande usiokuwa na pa kutokea. Tundu hilo linapaswa kuwa dogo na kufunikwa kwa kipande cha wavu mwembamba, kwa sababu nyigu hupenda kujenga viota vya udongo mahali kama hapo, na udongo mbichi hunyonya mawimbi.

Viungio vya kebo ndivyo mlango wa pili wa maji. Maji yakiingia chini ya ganda la kebo hutembea ndani ya suka la nyaya kama utambi unavyonyonya mafuta, na mita nzima za kebo huharibika bila dalili kwa nje. Kiungio hufungwa kwanza kwa utepe wa mpira unaojishika, kisha kwa utepe wa plastiki, kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uulalie ule wa chini yake kama mabati ya paa yanavyolaliana. Kabla ya kuingia kwenye kiungio, kebo hupindwa ishuke chini kisha ipande, ili matone yadondokee penye kona. Kebo iliyokwisha kunywa maji haikaushwi. Hukatwa na kutupwa.

Dishi lenyewe halihitaji ulaini wa kioo. Kwa mawimbi ya sentimita 21, bonde au mwinuko usiozidi sentimita 1 hauna madhara makubwa, na dishi la wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi sentimita 2 hufanya kazi vizuri, tena husumbuliwa kidogo na upepo. Adui wake ni kutu. Boliti zilizoshika kutu hulegeza dishi, na penye transmita kubwa ya redio jirani kutu hiyo huchanganya masafa na kuzaa mawimbi mapya ya uongo. Shaba na alumini zisigusane moja kwa moja nje penye mvua, maana alumini italika. Rangi ya kupaka iwe isiyong'aa. Dishi linalong'aa likitazama jua hukusanya pia joto lake, nalo huweza kuliunguza kopo.

Mabati ya paa yasitobolewe bila shauri la fundi. Stendi yenye miguu mipana iliyokandamizwa kwa matofali ya saruji, juu ya sehemu ya paa iliyo bapa na imara, ni bora kuliko boliti nne zitakazovujisha darasa. Chuo kitavumilia darubini isiyofanya kazi, lakini hakitavumilia darubini inayowanyeshea wanafunzi.

KIPIMO CHA ARDHI NA ANGA

Kosa la hatari kuliko yote ni kudhani kwamba darubini ni nzima kwa sababu inanguruma. Amplifaya yoyote iliyotiwa umeme hunguruma, hata kama antena imeng'olewa. Kiko kipimo rahisi cha kuutambua ukweli, nacho huchukua dakika 5.

Antena huelekezwa kwanza kwenye anga tupu, mbali na jua, na nguvu inayopokelewa huandikwa. Kisha hulazwa itazame ukuta mnene au kilima chenye migomba iliyosongamana. Mazingira ya Tukuyu yana joto la kiasi cha Kelvini 290, na anga pamoja na kile kidogo kinachovuja kutoka ardhini ni kama Kelvini 10. Tuseme amplifaya inaongeza mngurumo wake wa Kelvini 100. Nguvu ya ardhi itakuwa 390, ya anga 110, na uwiano wake ni 3.5. Ikiwa unyevu umeingia na mngurumo wa chombo umepanda hadi 300, hesabu itakuwa 590 kwa 310, yaani 1.9. Uwiano ukiwa 1, basi chombo hakitazami mbingu wala ardhi. Kinajisikiliza chenyewe.

Thamani ya kipimo hiki haiko katika siku moja. Uwiano ulioshuka kutoka 3.5 hadi 3.1 katika wiki mbili za Machi unamwambia mwanafunzi kwamba maji yamekwisha kupata njia, wakati ungali wa kufunga utepe tu. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Liko pia jaribio la kuhakikisha kuwa dishi linatazama linakodhaniwa kutazama. Jua hupita utosini mwa Mpuguso mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 25 Februari na tarehe 17 Oktoba. Katika siku hizo dishi lililolazwa wazi juu, likinyoshwa kwa timazi na pimamaji, hupokea jua kwa nguvu zake zote linapofika katikati. Kwa kuwa Mpuguso pako magharibi ya mstari unaotawala saa za Tanzania, kilele hicho hakiwi saa 6 mchana kamili. Huwa karibu saa 7 katika Februari, na karibu saa 6 na nusu katika Oktoba. Dishi la mita 2 lina upeo wa kuona wa nyuzi 7 hivi. Jua huhitaji takriban nusu saa kuupita, maana dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Kilele kikichelewa kwa dakika 8, dishi limeinama nyuzi 2 upande wa magharibi, na nati zake zinasubiri spana.

KUTAFUTA HITILAFU

Kipimo kikionyesha ugonjwa, utafutaji huanzia penye umeme. Mara nyingi amplifaya ya juu hupata umeme wake kupitia kebo ileile inayoteremsha mawimbi. Kama mita ya umeme inaonyesha volti 5 chini na volti 3.5 juu, kiungio kimojawapo kimeota kutu, na hakuna haja ya kuilaumu amplifaya. Pakiwa sawa hapo, mnyororo wa vifaa hugawanywa katikati. Kebo ndefu huondolewa, na kipokezi huunganishwa juu kwa kebo fupi inayojulikana kuwa nzima. Uwiano ukirudi, ugonjwa uko kwenye kebo. Usiporudi, uko juu yake. Kisha nusu iliyobaki hugawanywa tena.

Kanuni ni kubadili kitu kimoja, kupima, kuandika, ndipo kubadili kingine. Mwanafunzi anayebadili kebo, amplifaya na fyuzi kwa mpigo huenda akaiponya darubini, lakini hatajua aliiponya kwa dawa gani, na ugonjwa ukirudi ataanza upya.

Kazi yote ya juu ya paa hufanywa na watu wawili, katika hali ya ukavu, kwa kamba na ngazi iliyoshikwa. Radi za Rungwe si za kufanyiwa mzaha. Stendi iunganishwe na ardhi kwa waya mnene na fimbo ya shaba iliyozamishwa na fundi wa umeme anayeijua kazi yake, na kebo ing'olewe kwenye kompyuta mawingu yangali mbali. Ngurumo ikisikika, muda wa kupanda umekwisha.

NI HITILAFU AU NI MBINGU?

Hapa ndipo utunzaji wa chombo unapokuwa sayansi yenyewe. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson wa Marekani waliona mngurumo usioondoka katika antena yao ya faneli. Waliwafukuza njiwa waliokuwa wameweka makazi humo, wakasafisha kinyesi chao, wakafunika maungio ya bati kwa utepe wa alumini. Mngurumo ulibaki. Ulikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, na mwaka 1978 walipewa Tuzo ya Nobel. Wasingethubutu kusema unatoka mbinguni kama wasingekuwa wamesafisha kwanza.

Mwaka 1967, huko Cambridge, Uingereza, mwanafunzi Jocelyn Bell, aliyeshiriki kwa mikono yake kuijenga darubini aliyoitumia, aliona mkwaruzo mdogo usio wa kawaida katika karatasi za vipimo. Yeye na mwalimu wake, Antony Hewish, walifikiria mawimbi yaliyotengenezwa na watu, setilaiti, hata jengo kubwa la mabati lililokuwa jirani. Walithibitisha kwa darubini nyingine yenye kipokezi kingine. Ushahidi mmojawapo ulikuwa wa saa. Mambo ya wanadamu hurudi kwa saa ya ukutani, lakini nyota hurudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, yaani hutangulia kwa kiasi cha dakika 4 kila siku na saa 2 kila mwezi. Mkwaruzo ule ulifuata saa ya nyota. Hivyo ndivyo nyota za aina ya palsa zilivyogunduliwa.

Upande wa pili upo pia. Katika darubini ya Parkes, Australia, ishara za ajabu zilionekana kwa miaka kadhaa, hata mwaka 2015 ikagunduliwa kwamba zilitoka kwenye jiko la maikrowevu la kituoni, mlango wake ulipofunguliwa kabla ya jiko kuzimika. Pikipiki, mashine za kuchomelea vyuma, taa na kompyuta yenyewe vyaweza kufanya hivyo Mpuguso. Mkataba wa kimataifa unalinda masafa ya megahezi 1,400 hadi 1,427 yasitangaziwe na mtu yeyote, ila cheche haijui mkataba.

DAFTARI

Wanafunzi huhitimu na kuondoka, darubini hubaki. Vyombo vingi vya sayansi mashuleni havifi kwa uzee. Hufa siku ya hitilafu ndogo ya kwanza, pasipo mtu aliyefundishwa kufungua kifuniko. Kwa hiyo kifaa cha mwisho cha darubini, na chenye bei ndogo kuliko vyote, ni daftari lenye safu za tarehe, saa, hali ya hewa, uwiano wa ardhi na anga, kazi iliyofanyika, na jina la aliyeifanya. Kando yake liwepo sanduku la akiba: viungio, utepe, fyuzi, kebo fupi iliyopimwa, na amplifaya moja. Wanaohitimu wasikabidhi funguo kabla wanaobaki hawajafungua kiungio, wakakifunga upya, na kupata uwiano uleule.

Ujuzi huu una njia ndefu mbele yake. Mwaka 2017 Ghana ilizindua darubini ya redio ya Kuntunse, ambayo zamani ilikuwa dishi la mawasiliano ya simu lenye upana wa mita 32. Halikununuliwa jipya. Lilitengenezwa. Dishi la namna hiyo liko pia Longonot, Kenya, nalo limekuwa katika mipango kama hiyo. Mafundi na wanasayansi wa kazi hizo huanza mahali fulani, na kijana aliyewahi kukata kebo iliyokunywa maji juu ya paa la chuo, akajua kwa hesabu kwa nini anaikata, amekwisha kuanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Darubini ilikuwa na uwiano wa 3.5. Leo uwiano ni 1, lakini mngurumo katika kipokezi haujapungua. Taja sehemu mbili za kukagua kwanza, na ueleze sababu.

2. Ishara ilionekana tarehe 1 Juni saa 4 usiku. Tarehe 1 Julai ilionekana tena saa 4 usiku kamili. Je, yaelekea ni ya mbinguni au ya duniani? Kama ingekuwa ya mbinguni, ingetazamiwa saa ngapi?

3. Kwa nini amplifaya ya kwanza haiwekwi darasani, ingawa huko ingekingwa na mvua?

4. Tafuta tarehe mbili ambazo jua hupita utosini mwa mahali unapoishi, na ukadirie saa ambayo dishi lililolazwa wazi juu lingelipokea kwa nguvu zake zote.